Wiki tatu za kutafuta baiskeli ya mtumba: nilikopita na nilichokiona

Mpwa wangu alipoanza chuo, kilomita saba kutoka anapolala, aliniambia, "Mjomba, nahitaji baiskeli, na mpya siiwezi." Nikamjibu kwamba nitamsaidia kwa sharti moja: siku ya kwanza hatununui chochote, hata tukikutana na nzuri. Baiskeli iliyotumika mara nyingi huuzwa na mtu mwenye haraka kwa mtu mwenye hamu, na haraka ikikutana na hamu hakuna anayeinama kutazama chini ya fremu.

Tulizunguka wiki tatu. Nilibeba daftari, tepu ya chuma, tochi ndogo, uzi wa mita tatu na spana namba 15, ambayo ndiyo hufungua pedali nyingi. Mimi mwenyewe nimeendesha baiskeli za mtumba kwa miaka kumi na minne, nne kwa jumla, na moja kati ya hizo ilinifundisha kuliko zile tatu zote. Nitafika kwake. Ninayoyaandika hapa ni maoni yangu juu ya kila aina ya mahali tulipopita, kwa mfuatano tuliopita.

Tulianzia kwenye duka kubwa la baiskeli zilizotumika. Zilikuwa kama sitini, zimepangwa safu kwa safu, zimefutwa vumbi, nyingine zinang'aa. Faida ya duka la namna hii ni moja, na ni kubwa: ndani ya saa moja unapanda baiskeli tano au sita za ukubwa tofauti, ukajua mwili wako unataka nini. Mpwa wangu ni mrefu, akaamini bila shaka yoyote kwamba anahitaji fremu kubwa kuliko zote. Alipoipanda akawa anajinyoosha mpaka mabega yamepanda masikioni. Miguu yake ni mirefu, lakini kiwiliwili na mikono ni ya kawaida. Ya nne, iliyokuwa ndogo kidogo na kiti kimepandishwa, ndiyo iliyomkaa. Tuliipima: kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya bomba la kiti, na kutoka bomba la kiti hadi shingo ya usukani. Nikaandika namba zote mbili daftarini, na kuanzia hapo hatukupoteza muda tena na baiskeli zisizo zake. Kwa hilo pekee, duka kubwa linastahili safari.

Kununua ni jambo jingine. Muuzaji alikuwa mkarimu, hakutuharakisha, lakini hakuna baiskeli hata moja aliyojua ilikotoka. Nilimwonyesha fremu moja ya alumini iliyopakwa rangi upya, nikamuuliza kwa nini ilipakwa. Hakujua. Rangi mpya kwenye fremu kuukuu hunitia wasiwasi kuliko kutu, kwa sababu kutu unaiona. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huacha alama nyuma kidogo ya shingo ya usukani, upande wa chini wa mabomba: mkunjo mdogo, kama ngozi ya mkono uliokunjwa, au rangi iliyopasuka mstari. Pitisha kidole hapo, mulika tochi kwa ubavu. Ukipaka rangi na kujaza, mkunjo unafichika. Fremu ya chuma iliyopinda kidogo fundi mzuri anaweza kuinyoosha, na ikipasuka anaweza kuichomelea. Alumini ni kesi nyingine, kwani aina nyingi zinazotumika kwenye fremu hupoteza nguvu pale zilipochomelewa hadi zipitishwe tena kwenye joto maalumu, na kibanda cha kawaida hakina tanuri hiyo.

Hapo dukani ndipo nilipomwonyesha mpwa wangu jinsi ya kupima cheni, na ningependa kila anayenunua baiskeli ya mtumba akijue kipimo hiki hata kama hajui kingine chochote. Kutoka pini moja ya cheni hadi pini inayofuata ni milimita 12.7, na kipimo hicho ni kilekile kwenye baiskeli karibu zote za leo. Weka mwanzo wa tepu katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24, soma katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya itakupa milimita 304.8, yaani chini kidogo ya 305. Ikifika 306 na zaidi kidogo, wakati wa kuibadilisha umekaribia. Ikivuka 307, ujue imekwisha kula meno ya nyuma, na cheni mpya ukiifunga juu ya meno hayo itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Maana yake hununui cheni tu, unanunua cheni na friwili, yaani hayo meno ya nyuma, pengine na gia la mbele. Kati ya baiskeli sita nilizopima dukani, nne zilivuka 307. Zilikuwa zimeoshwa vizuri sana.

Duka lilitoa dhamana ya mwezi mmoja kwa maandishi. Tukaisoma pale pale. Ilihusu fremu peke yake, sehemu ambayo haiharibiki ndani ya mwezi isipokuwa ukigongwa. Ningenunua kwenye duka kama hilo endapo tu lina fundi ndani, na fundi huyo anaweza kuniambia baiskeli hii nimebadilisha hiki na hiki. Hatukununua. Mpwa wangu alivutiwa pia na moja ya umeme iliyokuwa pale, nikamsogeza mbali nayo: betri za lithiamu huchoka kwa kutumika na huchoka hata kwa kukaa tu, na muuzaji hakuwa na chaja yake.

Wiki ya pili tulihamia kwenye matangazo ya mtandaoni. Hapa ndipo penye baiskeli nyingi zaidi na bei za kila namna, na hapa ndipo mimi binafsi niliumia zamani.

Ile baiskeli iliyonifundisha niliinunua kwa tangazo la mtandaoni, jioni, kando ya barabara, kwa kijana aliyeniambia anaiuza kwa niaba ya kaka yake. Fremu ya chuma, gia tatu za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Giza lilikuwa linaingia. Niliizungusha mara moja, breki zikashika, nikalipa. Nyumbani, siku ya pili, nilitaka kupandisha kiti. Hakikupanda. Bomba linalobeba kiti lilikuwa la alumini ndani ya fremu ya chuma, halikuwahi kupakwa grisi, na metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevunyevu kwa miaka hushikana kana kwamba zimechomelewa. Fundi alihangaika nalo siku mbili, akaishia kulikata na kulikwangua kutoka ndani kwa msumeno. Kisha tairi la nyuma likapasuka. Tangazo lilisema inchi 26, nikanunua tairi la inchi 26, likakataa kuingia. Nikanunua jingine, likakataa. Ndipo nilipojifunza kwamba "26" si kipimo kimoja. Kuna 26 za baiskeli za milimani ambazo rimu yake ina kipenyo cha milimita 559, na kuna 26 x 1 3/8 za baiskeli za mjini za zamani ambazo ni 590. Milimita 31 za tofauti, haziingiliani kabisa. Kwenye 28 mambo ni hayo hayo: kuna 622, ambazo wengine huziita 700C, na kuna 635 za zile baiskeli nzito za zamani. Tangu siku hiyo sisomi inchi. Nasoma ile namba ya tarakimu tatu iliyochongwa ubavuni mwa tairi baada ya kistari, mfano 37-622, na kabla ya kulipa nauliza kwanza kama matairi ya namba hiyo yanapatikana ninapoishi.

Jambo moja zuri katika baiskeli ile lilikuwa habu yenyewe, ya Sturmey-Archer. Kampuni hiyo ilikuwa ikigonga mwaka kwenye ganda la habu, na yangu ilikuwa na 77. Kijana aliniambia baiskeli ina miaka kumi. Habu ya mwaka 1977, na ndiyo sehemu pekee ambayo haikunisumbua mpaka nilipompa rafiki baiskeli ile.

Kwa hiyo safari hii nilijipanga. Kwa kila tangazo lililokuwa na ukubwa unaofaa niliomba picha nne ambazo wauzaji huwa hawaziweki: namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya pedali, meno ya nyuma kwa karibu, maandishi ya tairi, na upande wa kushoto mzima, kwa sababu wengi hupiga picha upande wa cheni tu. Niliandikia watu kumi na mmoja. Wanne walituma. Mtu aliyesimama karibu na baiskeli yake anatuma picha ndani ya robo saa, na asiyeweza kuipiga picha leo, kesho wala keshokutwa, nina mashaka kama baiskeli anayo. Mmoja alituma tatu na kukataa kutuma namba ya fremu. Tulimwacha hapo hapo. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha kama baiskeli imeibwa. Zipo nchi zenye rejista za wazi ambazo mnunuzi anaingiza namba na kupata jibu, kama Uholanzi kupitia RDW, mamlaka ya usajili wa magari, na Uingereza kupitia BikeRegister. Ambako hakuna rejista, bado omba risiti ya mwanzo, na ikikosekana, andikianeni hati ya mauzo yenye majina na namba hiyo. Nimewahi kuona mtu akivuliwa baiskeli barabarani na mwenyewe halisi, naye alikuwa ameilipia kihalali kwa maana ya kwamba pesa zilimtoka. Hakurudishiwa kitu.

Tulikwenda kuona mbili kati ya nne. Zote mchana, zote nyumbani kwa muuzaji, na hatukutanguliza malipo yoyote. Ya kwanza ilikuwa na uma wa mbele uliorudi nyuma. Ukiitazama kwa ubavu unaona mstari wa uma haufuati mstari wa shingo. Ya pili ilikuwa nzima kabisa ila ndogo kwa sentimita tano kuliko namba zilizokuwa daftarini. Mpwa wangu aliniangalia kwa macho ya kuomba. Ilikuwa nyekundu, safi, na bei ilishuka mara mbili tukiwa tumesimama. Nilimwambia, kilomita kumi na nne kila siku, magoti yako ndiyo yatakayolipa hiyo punguzo. Akaelewa, ingawa njiani hakusema neno.

Mnada wa mali zilizokosa wenyewe tulipita pia. Unaruhusiwa kutazama, huruhusiwi kupanda. Kwa mtu anayeweza kuijenga baiskeli upya kuanzia fremu, sawa. Kwa mwanafunzi anayetaka kufika darasani Jumatatu, hapana.

Mahali palipougusa moyo wangu ni karakana ya watu wanaojitolea. Hupokea baiskeli zilizotelekezwa, wanazifumua, wanazijenga, wanaziuza kwa bei ya kulipia vipuri na kodi ya chumba. Tulikuta binti mmoja amefungua habu ya nyuma mezani, akamwita mpwa wangu aje ahesabu gololi: tisa upande huu, tisa upande ule, kila moja robo inchi. Alizifuta zote, akatupa mbili zilizokuwa na vidonda, akaweka grisi mpya. Akamwonyesha pia kwamba pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha ile ya kulia, jambo ambalo watu wengi hujifunza baada ya kuharibu hesi. Baiskeli inayotoka kwenye mikono ya namna hiyo ningeinunua macho yakiwa yamefumba. Tatizo ni kwamba walikuwa na saba tu za kuuza na hakuna iliyomfaa kwa ukubwa. Wakatuambia tusubiri, huenda mwezi ujao. Kama una muda na kuna karakana ya hivi karibu nawe, anzia huko, jiandikishe, nenda ukasaidie kufumua siku mbili tatu. Sisi muda haukuwepo.

Tukabaki na fundi. Simaanishi fundi yeyote, namaanisha yule anayetengeneza baiskeli za watu walewale mwaka hadi mwaka, ambaye ukirudi wiki ijayo utamkuta palepale. Wa kwangu alikuwa na tatu za kuuza, zote kubwa. Lakini alipoona namba zangu kwenye daftari alinyamaza kidogo, akasema, "Kuna mteja wangu anahama mwisho wa mwezi. Ile baiskeli naijua. Rimu ya nyuma niliifunga mimi mwenyewe, spoku zote thelathini na sita." Akampigia simu tukiwa pale.

Mwenyewe ni mama wa makamo aliyeiendesha kwenda kazini miaka sita. Kabla hatujauliza lolote alitutajia ubaya wake: gia ya tatu wakati mwingine inaruka kwenda ya nne, rangi imechubuka upande wa kulia alipoteleza siku ya mvua, na taa ya nyuma haiwaki. Nimekutana na wauzaji wengi, na wanaoanza na ubaya ni wachache mno. Alikuwa na bahasha yenye risiti ya dukani na vikaratasi vya fundi, kila kimoja na tarehe. Kimoja kilikuwa cha cheni, cha mwaka jana.

Hata hivyo tulipima kila kitu, na mama hakuudhika. Uzi niliufunga mahali ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, nikaupitisha mbele kuzunguka shingo ya usukani, nikaurudisha hadi upande wa pili, ukiwa umekazwa. Kisha unapima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, sehemu ya nyuma ya fremu imekaa sawa. Vililingana. Mpwa wangu akashika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kipo kwenye shingo, kusikiliza kama kuna mchezo, yaani kulegea; hakukuwa na mchezo. Akashika mikono ya pedali na kuitikisa kuelekea fremu. Ilicheza kidogo sana, nikaandika. Magurudumu tuliyainua na kuyazungusha, tukitazama pengo kati ya rimu na raba za breki. La mbele lilitulia. La nyuma liliyumba kama unene wa kucha. Kiti kilipanda na kushuka kwa mkono mmoja, na hapo nilipumua. Tairi lilisomeka 37-622. Cheni ilisoma 306 na nusu.

Mpwa wangu aliacha simu yake mezani kwa mama, akaenda dakika ishirini: mlima mmoja, mteremko mmoja, breki za ghafla, na mwendo wa polepole sana barabara iliyonyooka kuona kama baiskeli inavuta upande. Alirudi anatoa jasho na kusema haivuti.

Kupatana bei kulichukua muda mfupi kuliko kuipima. Sikusema baiskeli ni mbaya, kwa sababu haikuwa mbaya. Nilimsomea mama yaliyokuwa daftarini: cheni na friwili, raba za breki jozi mbili, waya wa gia, kazi ya kukaza ekseli. Akampigia fundi kuuliza bei ya vitu hivyo, fundi akazitaja, mama akapunguza kiasi hicho kamili. Hakuna aliyepandisha sauti. Tuliandikiana hati, namba ya fremu tukaisoma pamoja kwa tochi, na risiti ya mwanzo akampa mpwa wangu mkononi.

Fundi tulimlipa ujira wa ukaguzi ingawa hakuomba, na kazi zote tukampa yeye. Alipofumua ekseli ya pedali alikuta gololi kumi na moja kila upande, zote nzima, grisi tu ndiyo ilikuwa imekauka. Tatizo la gia ya tatu lilikuwa waya uliochoka, kama nilivyokuwa nimeandika daftarini. Bomba linalobeba kiti lilitolewa, likapakwa grisi, likarudishwa, na mpwa wangu ameambiwa alitoe kila baada ya miezi sita.

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita. Jumapili hii alikuja kunitembelea na baiskeli yake. Kabla hajakaa alichukua tepu yangu ukutani, akainama kwenye cheni, akahesabu nafasi 24 kwa sauti. Ilisoma 305 na chembe.